Gamescom, Köln: Anzia Ukumbi wa 10.2

Banda la gemu nililokulia lilikuwa Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba. PlayStation 2 mbili, TV mbili za chogo, mabenchi mawili ya mbao, na feni moja iliyoelekezwa kwenye mashine zisichemke. Mechi moja shilingi mia. Ukifungwa unatoa pedi, mshindi anabaki, na mwenye banda anaita: "Anayefuata!" Tulicheza Winning Eleven ya Kijapani, gemu ya mpira wa miguu. Menyu nzima ilikuwa kwa herufi ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyezijua, lakini mtoto wa darasa la tatu alikuwa anajua kwamba hapa unashuka mara tatu, unabonyeza duara, unabadilisha mfumo. Nyuma ya waliokaa kulikuwa na watu kumi wamesimama, na kila mmoja ana ushauri.

Banda lile ndilo kipimo nilichokwenda nacho Köln, Ujerumani, kwenye maonyesho ya Gamescom, ndiyo maana nimeanza nalo. Leo naishi Wuppertal, ni muuguzi katika nyumba ya wazee, na gemu nazicheza usiku baada ya zamu, peke yangu, vifaa vya kusikilizia vimeniziba masikio. Mpinzani wangu yuko mji gani sijui, jina lake ni herufi zimechanganywa na namba, na nikimfunga mbili bila anakata mtandao. Mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 13 na kazaliwa hapahapa Ujerumani. Yeye hajawahi kucheza kwa namna nyingine. Alipoomba zawadi yake ya siku ya kuzaliwa iwe tiketi ya Gamescom, nilikubali papo hapo, na moyoni nilikuwa na swali langu moja: je, pale watu wanacheza bega kwa bega, au wanatazama matangazo tu?

Kwa asiyeijua, Gamescom ni maonyesho ya michezo ya video yanayofanyika kila Agosti kwenye viwanja vya Koelnmesse, ng'ambo ya mto Rhine ukitokea upande wa kanisa kuu la Köln. Yalianza hapo mwaka 2009. Kabla yake, kuanzia 2002 hadi 2008, maonyesho ya namna hii yalikuwa Leipzig. Miaka miwili ya korona, 2020 na 2021, yalifanyika mtandaoni tu. Sisi tulikwenda Ijumaa, tarehe 23 Agosti 2024, na mwaka huo waandaaji walihesabu wageni 335,000. Uchukue Uwanja wa Mkapa umejaa mechi ya Simba na Yanga, uujaze hivyo mara tano, na bado kuna watu wamebaki getini.

Tiketi ni ya siku, inanunuliwa mtandaoni tu, na ya Jumamosi ndiyo huisha kwanza. Usisafiri kwa matumaini ya kununua mlangoni.

Shangwe ilianzia kwenye treni. Tulipofika Solingen aliingia dada mmoja mwenye mabawa ya kadibodi na manyoya, marefu kuliko yeye mwenyewe, akawa hajui apite vipi mlangoni. Mzee mmoja aliyekuwa anasoma gazeti akasimama, akashika bawa la kushoto, kijana mwingine akashika la kulia, wakamwingiza taratibu kama wanaingiza kabati jipya nyumbani. Halafu mzee akarudi kwenye gazeti lake. Mpwa wangu alinitazama macho yamemtoka. Kuanzia hapo hadi kituo cha Köln Messe/Deutz alihesabu watu kumi na wanne waliopanda wamevalia kama wahusika wa gemu, na wahusika wote aliwajua kwa majina.

Ukishashuka Deutz huna haja ya kuuliza njia. Mikoba inakaguliwa, tiketi inasomwa, kisha unavishwa mkanda mkononi kufuatana na umri. Wangu mwekundu, wa miaka 18 na kuendelea. Wa mpwa wangu wa kijani, wa miaka 12. Rangi hizo ni zilezile za alama za USK, taasisi inayopanga umri wa gemu Ujerumani tangu 1994, na tangu 2003 alama hizo zina nguvu ya sheria madukani. Gemu za watu wazima zimezungushiwa kuta, hata skrini huioni ukiwa nje. Mpwa wangu aligusa ukuta mmoja, akasikia milio ya ndani, akaniambia, "Mjomba, wewe ingia, mimi nitakusubiri hapa." Sikuingia. Nilikumbuka kwamba mimi nikiwa na miaka tisa nilikuwa natazama watu waking'oana vichwa kwenye TV ya chogo na hakuna mtu mzima aliyeniuliza umri wangu. Mkanda ule wa kijani nimeupenda, na niseme wazi kwamba ni moja ya sababu ningempeleka mtoto hapo tena bila wasiwasi.

Sasa kumbi zenyewe. Eneo lote ni zaidi ya mita za mraba 200,000, na kumbi zinaunganishwa na ujia mmoja mrefu mpana wanaouita Boulevard. Kufika saa sita mchana ujia huo unatembea kwa mwendo wa umati, si kwa mwendo wako. Kumbi za makampuni makubwa zina majukwaa yenye urefu wa nyumba ya ghorofa, sanamu za mazimwi, magari ya kweli, moshi, taa. Unasikia mngurumo kifuani. Nakiri nilisimama nikashangaa kama mtu aliyeshuka Kariakoo kwa mara ya kwanza.

Tulifanya walichofanya wengine wote, tukapanga foleni kwenye gemu moja kubwa ambayo mpwa wangu alikuwa ameisubiri tangu tulipotazama sherehe ya ufunguzi mtandaoni Jumanne usiku. Jina la kampuni silitaji. Kibao kilisema kutoka hapo tulipo ni dakika 120. Ilichukua saa mbili na dakika arobaini.

Lakini ngojeni niwaeleze foleni ya Gamescom, maana inastahili aya yake. Watu wanakuja na nia. Wengi wana vigoda vya kadibodi vinavyokunjwa, unavibeba begani kama mkoba, ukifika unavifungua unakaa. Foleni ikisogea, watu mia mbili wanasimama pamoja, wanasogea hatua tatu, wanakaa pamoja. Mbele yetu walikuwa vijana wawili, kaka na dada, waliotoka Poland kwa basi usiku kucha. Walikuwa na Nintendo Switch. Waliisimamisha juu ya kigoda cha tatu, wakachomoa zile pedi mbili za pembeni, wakawa wanashindana Mario Kart 8 Deluxe, gemu ya mbio za magari na kurushiana maganda. Baada ya mbio mbili yule dada akamgeukia mpwa wangu, hakusema neno, akamnyooshea pedi.

Pedi ile ni ndogo kama kipande cha muwa. Mpwa wangu akaishika kwa vidole vya pembeni, akapiga magoti sakafuni, bega lake likigusa la yule kaka wa Kipolandi. Alishika nafasi ya saba. Akaomba tena. Nafasi ya nne. Nyuma yetu watu wakaanza kuinama watazame, mmoja akasema kwa Kijerumani, "Usitumie ganda sasa, subiri kona!" Ushauri wa bure kutoka kwa mtu asiyecheza! Nilifumba macho kidogo. Ilikosekana harufu ya mihogo ya kukaanga tu.

Gemu kubwa yenyewe? Tuliingizwa watu ishirini na wanne, kila mmoja akaketishwa mbele ya skrini yake, akavishwa vifaa vya masikioni, pedi zikapanguswa, dakika kumi na tano zikaanza kuhesabiwa. Picha zake sijapata kuona mfano. Maji yanatiririka kama maji, na upepo ukivuma nyasi zinalala upande mmoja. Ila nilipomwangalia mpwa wangu upande wa kushoto, sikuweza kumwambia kitu wala yeye hakuweza kunisikia. Dakika kumi na tano zilipokwisha tukatolewa mlango wa nyuma, tukapewa mfuko wenye bango. Alikuwa amefurahi, siwezi kusema uongo. Lakini njiani alisimulia zaidi ile nafasi ya nne.

Jioni tulijaribu foleni nyingine, kampuni nyingine, na hiyo ndiyo lawama yangu ya kwanza: tulisubiri saa moja na nusu, kisha mfanyakazi akaja akaikata foleni mita chache mbele yetu kwamba muda hautoshi. Watoto wengi walikuwa pale. Kama unajua kila awamu inachukua watu wangapi na dakika ngapi, hesabu si ngumu. Mwambie mtu mapema asisimame. Na lawama ya pili, kuna jukwaa moja ambako mtangazaji alikuwa anarusha fulana kwa umati. Watu wazima waliruka juu ya watoto. Mpwa wangu alipigwa kiwiko cha sikio. Fulana za bure gawa kwa mkono, mtu aondoke salama.

Turudi kwenye mazuri, maana ndiyo yaliyonifanya niandike.

Ukumbi wa 10.2 uko pembeni, juu kwa ngazi, na watu wengi hufika huko mwishoni wakiwa wamechoka. Nawasihi muanzie huko. Ndani yake kuna Indie Arena Booth, eneo ambalo watengenezaji wadogo wamekusanywa pamoja, gemu zaidi ya mia, kila moja na meza yake, skrini yake, na mara nyingi aliyeitengeneza amesimama hapohapo. Hakuna mazimwi ya plastiki. Kuna binadamu mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, anakukaribisha kama mama ntilie anayejua chakula chake kitamu.

Tulikaa kwenye gemu moja ya wachezaji wawili, mtumbwi mmoja, kila mmoja na kasia lake. Mimi upande wa kulia, mpwa wangu kushoto. Mkipiga kasia pamoja mnakwenda, mkipishana mtumbwi unazunguka. Ndani ya dakika moja tulikuwa tunapigiana kelele kwa Kiswahili katikati ya Köln: "Subiri! Bado! Haya, sasa! Mjomba, unawahi!" Nimezaliwa pwani, mtumbwi naujua, lakini mtoto yule hajawahi kupanda hata mmoja, na yeye ndiye aliyegundua kwamba tukihesabu kwa sauti tunakwenda sawa. Tukahesabu. Moja, mbili, moja, mbili. Tukavuka mkondo.

Mtengenezaji, mwanamke wa miaka thelathini hivi, alikuwa nyuma yetu wakati wote na daftari. Hakutuelekeza hata mara moja. Kila tulipokwama aliandika. Tulipomaliza akamuuliza mpwa wangu, si mimi, mpwa wangu: "Wapi hukuelewa?" Mtoto akafikiri, akajibu kwamba ile alama ya maji kupwa na kujaa inafanana na kitufe, kwa hiyo alikuwa anaibonyeza akidhani itafanya kitu. Yule mwanamke akachora alama ile kwenye daftari, akaizungushia duara, akamwambia, "Wewe ni mtu wa sita leo. Nitaibadilisha." Sijui kama nitaweza kueleza sura ya mpwa wangu wakati huo. Katika saa zote za siku ile, hapo tu ndipo alipoulizwa anafikiri nini, na alichojibu kikaandikwa.

Kisha akatuuliza ile ilikuwa lugha gani. Nikamwambia Kiswahili. Uso ukamchangamka, akataja Tales of Kenzera: ZAU. Nasi tulikuwa tumeicheza nyumbani miezi michache nyuma, ilipotoka Aprili 2024. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na aliijenga juu ya msiba wa kumpoteza baba yake. Ni hadithi ya kijana Zau, mganga anayemwendea mungu wa kifo kumdai baba yake arudishwe. Ukitaka, wahusika wanazungumza Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Mara ya kwanza tulipoiwasha, dada yangu alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi kuuliza nani amekuja. Nilimsimulia hilo yule mwanamke, naye akasema ndiyo maana aliitaja: tangu aisikie, amekuwa akifikiria mtumbwi wake unapaswa kusikika vipi katika lugha za watu wanaopiga kasia kweli. Tulisimama hapo tukamfundisha "kupwa" na "kujaa". Aliyaandika vizuri, kwa herufi kubwa.

Mita hamsini kutoka hapo ni eneo la gemu za zamani. Hili linaendeshwa na vyama na watu wa makumbusho ya kompyuta, wengi wazee kidogo, ambao wamebeba mali zao wenyewe kuja kuziweka mezani na kuwaachia wageni wazishike. Zimo Atari za miaka ya sabini, Amiga, Sega, mashine za sarafu, na za chuma zenye mipira inayogonga taa. Na TV za chogo! Zimepangwa safu nzima, zinavuma ule mvumo mwembamba niliodhani nimeusahau.

Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alimwonyesha mpwa wangu Commodore 64, kompyuta ya mwaka 1982. Alichukua kaseti, kaseti ya kawaida kama zile za taarabu za mama yangu, akaitia kwenye kinasa, akaandika neno, akabonyeza. Kisha akakunja mikono. "Sasa tunasubiri," akasema. Mpwa wangu akauliza tunasubiri nini. Mzee akamweleza kwamba gemu imerekodiwa kwenye mkanda kwa sauti, na kompyuta inausikiliza mkanda mpaka uishe, ndipo ijue gemu ni ipi. Kumbukumbu yote ya mashine ile ni kilobaiti 64. Picha moja ya simu yake haiwezi kuenea humo. Walisubiri dakika kadhaa, mzee na mtoto, wakizungumza. Sikumsikia mpwa wangu akilalamika. Siku ya kawaida, video ikizunguka sekunde tano anatupa simu kitandani.

Pembeni palikuwa na bunduki ya plastiki ya Nintendo na mchezo wa kulenga bata. Nilijua ule mchezo tangu utoto, lakini siri yake nilielezwa siku ile. Bunduki haitoi chochote. Inapokea. Ukivuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi kwa kitambo ambacho jicho halikiwahi, kisha mahali alipo bata panawekwa kisanduku cheupe, na jicho dogo lililo ndani ya mtutu linaangalia kama limeona mwanga au giza. Ikiona mwanga, bata ameanguka. Ndiyo maana inataka TV ya chogo: hesabu yake ya muda inategemea namna skrini ile inavyochora picha mstari kwa mstari, na TV bapa za leo huchelewa. Nimecheza gemu miaka ishirini na kitu, na hilo sikulijua. Nilimshukuru yule aliyenieleza kwa mikono miwili.

Halafu nikaiona. Meza ya pembeni, PlayStation 2 nyeusi, pedi mbili za waya, na Pro Evolution Soccer 6, jina ambalo Winning Eleven iliitwa huku Ulaya. Walikuwa wanacheza vijana wawili wa Kituruki, na nyuma yao watu saba hivi wamesimama. Kanuni? Mshindi anabaki. Hakuna aliyeiandika popote. Nilisubiri zamu yangu mikono ikinitoka jasho.

Nilichagua Inter ya Milan, kwa sababu ya mshambuliaji wake Adriano. Wanaoijua gemu hiyo wanaelewa bila maelezo. Nguvu yake ya shuti ilikuwa 99, kiwango cha juu kabisa. Niliposhika pedi vidole vilikumbuka kabla yangu. Nilimfunga kijana wa kwanza mbili moja. Wa pili tatu bila. Mpwa wangu alikuwa nyuma ya bega langu, akaanza kuniambia, "Mjomba, kulia! Mjomba, yuko peke yake!" na kufikia mechi ya tatu alikuwa ameshika mgongo wa kiti changu kwa mikono miwili. Mechi ya nne nikafungwa na baba mmoja wa makamo, mkimya, aliyecheza na Brazil. Nikasimama, nikampa pedi anayefuata. Na anayefuata alikuwa mpwa wangu. Akapigwa sita bila, akatoka anacheka mpaka machozi.

Kumbukumbu yangu ya mwisho ya ukumbi huo ni ya kikazi kidogo. Kuna meza iliyoandaliwa na watu wanaoshughulikia gemu kwa wenye ulemavu. Walikuwa na ile pedi ya Xbox iliyotoka 2018, bamba jeupe lenye vitufe viwili vikubwa vyeusi, na nyuma yake safu ya matundu. Kila tundu ni kitufe kimoja cha pedi ya kawaida, unachomeka swichi unayoimudu wewe: ya kugusa kwa kiwiko, kwa mguu, kwa shavu. Mikono iliyokakamaa naishika kila siku kazini. Nayapaka mafuta mabega, nakunjua vidole kimoja kimoja. Sikuwahi kuwaza mikono hiyo kwenye gemu.

Dada mmoja kwenye kiti cha magurudumu alikuwa anashindana mbio za magari, usukani kwa kiwiko, breki kwa swichi iliyofungwa karibu na shavu. Alinialika. Nilijipanga nimpe nafasi kidogo, kosa la watu wa kazi yangu. Aliniacha kona ya kwanza, na mbio tatu zote sikuiona namba ya gari lake. Ya tatu nilipigana kwa nguvu zangu zote. Alipovuka mstari akageuza kichwa kwa waliosimama nyuma yangu, akaita: "Nächster!" Anayefuata.

Nilimuuliza mwenye meza bei ya swichi zile na ni zipi zinamfaa mtu mwenye nguvu kwenye shingo tu. Mzee mmoja wa kwetu kwenye wodi alikuwa dereva wa lori. Nina mpango.

Mambo mengine nayapita haraka. Ukumbi wa bidhaa, 5.2, ni soko: vinyago, fulana, vikombe, msongamano usiopumua, nenda ukiwa na kiwango cha pesa mfukoni na ukimaliza utoke. Chakula cha ndani ni ghali na si kitamu. Tulinunua chipsi na soseji kwenye kibanda kimoja, zikaja baridi. Bebeni mikate yenu na maji. Viatu viwe vya kutembea, si vya kupendeza. Mkitoka Afrika Mashariki kuja kwa ajili ya hili tu, visa ya Schengen ianzeni mapema sana kabla ya Agosti, na malazi ya Köln wiki hiyo hupanda. Laleni miji ya jirani kama Wuppertal au Düsseldorf, treni zipo mpaka usiku. Milango hufungwa saa mbili usiku, na saa ya mwisho kumbi zinapungua watu, ndiyo saa nzuri ya kurudia meza uliyoipenda.

Nikitoa nyota: kumbi kubwa nazipa tatu kati ya tano. Ukumbi wa 10.2 naupa tano, na kama kungekuwa na ya sita ningempa yule mama wa daftari. Kwa mtoto wa miaka 12 na kuendelea napendekeza kwa moyo wote, mradi mtu mzima asimwache peke yake karibu na majukwaa.

Mwaka ujao tunakwenda tena Ijumaa. Saa nne asubuhi milango ikifunguliwa tunapanda ngazi moja kwa moja. Wiki mbili baada ya Köln nilipata PlayStation 2 ya mtumba kwa mtu wa Solingen, pamoja na TV ya chogo aliyokuwa anataka kuitupa. Iko sebuleni kwa dada. Mpwa wangu analeta rafiki zake wawili wa shule kila Jumamosi, mlango uko wazi, na dada amenunua benchi. Mpaka jana mimi na yeye tumecheza mechi 31. Ameshinda nne, zote kwa Brazil.